Mkono wa Kulia wa Dada

Ilianza Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, siku ya kupatana kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana. Saa naijua kwa sababu baba alikuwa ndiyo kwanza ametia ufunguo saa yake ya mezani. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, nimechuchumaa nje nasugua sufuria kwa majivu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikamwona dada anakuja kutoka upande wa miwati, ile miti inayopandwa kwa ajili ya magome. Alikuwa anatembea polepole kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa maji. Lakini hakubeba bakuli. Alibeba mkono wake wa kulia kwa mkono wake wa kushoto.

"Kamwene," akanisalimu, kama mgeni.

"Kamwene, dada. Mkono umefanya nini?"

"Umeanguka."

"Mkono ndio umeanguka?"

"Mimi nimeanguka. Mkono ulikuwapo."

Dada ndivyo alivyo, hata damu ikimtoka lazima aseme neno la kuchekesha. Nikamwingiza jikoni kabla baba hajatoka. Mama akaacha kupuliza moto, akamfungua khanga. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba hadi kimepoteza umbo, na upande mmoja kitu kilisukuma ngozi kutoka ndani. Vidole vilikuwa na rangi ya zambarau. Sikio lake la kushoto lilichanika pale pa hereni. Mgongoni sikutaka kuangalia, lakini niliangalia.

Mama hakuuliza nani. Alisema tu, "Kwa nini safari hii?"

Dada ameolewa na mnyapara wa shamba la miwati, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu. Shemeji ndiye anayesimamia vibarua wanaobandua magome. Jirani yao alikuwa kibarua mmoja kutoka Manda, ziwani, ambaye mkewe alikuwa amejifungua juzijuzi na mtoto anakohoa kwa baridi ya huku juu. Yule kibarua alitaka kumrudisha mkewe kwao kabla kipande chake, kadi ya kuhesabia siku za kazi, hakijajaa. Kuondoka hivyo ni kutoroka kazi, na mtoro akikamatwa ni jela. Shemeji alipata habari, akapanga na askari wamvizie Alhamisi alfajiri. Dada alimsikia akipanga. Jumatano mchana alikutana na yule mama mtoni, akamwambia, "Leo msilale hapa." Wakaondoka. Ijumaa Bwana wa shamba akamfokea shemeji mbele ya vibarua wote, na vibarua wakacheka.

"Akarudi na mpini wa jembe," dada akasema. "Wa kwanza mgongoni. Wa pili nikaukinga. Halafu akaukanyaga huu mkono na kiatu, akaniuliza mimi ni mke wa nani."

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nikamjibu wake. Ungejibu nini wewe?"

Shemeji ana koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Alipewa na Bwana wa shamba mwaka juzi, siku aliyomtaja mtu aliyewashawishi vibarua wagome. Bwana alimsimamisha mbele ya watu, akasema huyu ni mtu mwaminifu. Tangu siku hiyo shemeji hulivaa kanisani, msibani, hata kwetu akija kula, na lazima atuambie tena lilivyopatikana. "Uaminifu una malipo," husema, huku akijipigapiga kifuani.

Nilimchukia kwa neno hilo. Lakini siku ile jikoni nilikumbuka kitu ambacho sijakiandika popote. Ripoti yangu ya shule, ile ambayo baba aliwasomea wageni mara tatu, imeandikwa: "Tabia: mkimya na mwaminifu." Najua kwa nini imeandikwa hivyo. Shuleni ukizungumza Kibena unavikwa kibao shingoni, na jioni mwenye kibao anachapwa. Rafiki yangu tuliyelala vitanda jirani alikuwa akimwomba Mungu kwa Kibena chini ya blanketi. Mwalimu aliniuliza mimi, kwa upole kabisa, ni nani anayevunja sheria bwenini. Nikataja. Alichapwa viboko hadi akajikojolea. Kwa hiyo mimi na shemeji tumepewa neno moja kwa kazi moja. Tofauti ni kwamba yeye alipata na koti.

Baba akaingia. Jikoni haingii mara nyingi. Aliutazama mkono wa dada kwa muda, kisha akatazama moto.

"Umeteguka," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mumeo anajua uko hapa?"

"Atajua."

Na kweli, shemeji alitokea saa sita, ndani ya koti lake, na kuku wawili hai mkononi kama mtu aliyekuja kuposa. Hakupandisha sauti. Alikaa na baba sebuleni, na maneno yao tuliyasikia yote.

"Baba mkwe, mimi sikatai kwamba nilikasirika. Lakini mke anayetoa siri ya mumewe nje, huyo ni mke au ni nini?"

"Siri ya ndani haitoki," baba akasema.

"Ningekuwa mimi nimetoa siri ya Bwana wangu, ningekuwa na hili koti?"

"Usingekuwa nalo."

"Basi. Mimi nataka tupatane. Leo ni siku yake. Kesho tule Meza ya Bwana pamoja, turudi kwetu."

Mgeni asiyejua desturi yetu hataona ubaya wa maneno hayo, kwa hiyo nieleze. Katika usharika wetu, mwenye ugomvi hakaribii Meza ya Bwana. Jumamosi inayotangulia wagomvi huja mbele ya wazee wa kanisa, kila mmoja anasema lake, kisha wanapeana mkono wa kulia. Mzee mkubwa anaweka mkono wake juu ya mikono yao, na majina yanaandikwa katika kitabu cha kupatana. Tangu hapo neno limefunikwa. Atakayelifunua tena, yeye ndiye mkosa, hata kama ndiye aliyepigwa. Dada akitoa mkono leo, kesho anarudi nyuma ya koti lile, na akipigwa tena hana pa kulipeleka neno la mpini wa jembe. Asipotoa, hajasamehe, na kwetu asiyesamehe hutengwa. Baba yangu ni mmoja wa wazee watatu.

Dada aliniambia hivi jikoni, kwa sauti ndogo, na safari hii hakuchekesha: "Nikirudi, ataniua. Si kwa hasira. Ataniua kwa kuzoea."

"Mwambie baba."

"Baba ameona."

Baba aliona. Naliandika hapa kwa sababu najua aliona, na nampenda, na yote mawili ni kweli.

Saa nane tulikwenda kanisani. Karani wa wazee alikuwa mgonjwa wa macho, na baba akasema mimi nina hati nzuri, nitaandika. Nilikalishwa mwisho wa meza na kitabu, wino na kalamu ya nibu. Mimi ni mtu wa kuogopa watu. Shuleni nikiitwa kusoma mbele nasoma nikiwa nimeficha uso nyuma ya kitabu. Kwa hiyo nilishukuru kwamba kazi yangu ilikuwa kuinama na kuandika. Hilo nalo ni kweli, nilishukuru.

Mzee mkubwa ni mtu wa utani, masikio yake mazito.

"Haya, bwana arusi na bibi arusi," akasema, "mmechokana mapema. Mimi na wangu tumegombana miaka arobaini, bado tunatafutana tupigane."

Mzee wa tatu akacheka. Shemeji akacheka kuliko wote. Kisha akasema lake, vizuri sana, kwa huzuni, kama mtu anayesoma somo la Kwaresima. Alisema alimwadhibu mkewe kidogo kwa kukosa uaminifu, na sasa amemsamehe.

"Na wewe, mama?" mzee mkubwa akauliza.

"Nilimwonya mwenzangu mwenye mtoto mchanga," dada akasema. "Sina lingine."

"Unamsamehe mumeo?"

Dada alimtazama baba. Baba akakohoa. Ni kikohozi tunachokijua tangu utotoni, kikohozi cha kusema usinitie aibu.

"Namsamehe," dada akasema.

"Toeni mikono."

Shemeji alinyoosha wake wa kulia juu ya meza. Dada akanyoosha wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa ndani ya khanga, umelala mapajani.

"Mama, huo ni wa kushoto," mzee mkubwa akasema.

"Wa kulia unauma, mzee."

"Anasemaje?"

"Unauma!" mzee wa tatu akamwambia sikioni. "Anaomba atoe wa kushoto."

"Haa. Wa kushoto haufuniki kitu. Wa kushoto ni wa kushikia mbuzi asikimbie."

Wakaanza kujadiliana. Mzee wa tatu alisema kuna mtu wa zamani aliyekatwa mkono na shoka, akapatana kwa kushoto, na ilikubaliwa. Mzee mkubwa akasema yule hakuwa na mkono, huyu anao. Walilizungusha hivyo kama watu wanaopima ukuta, na katikati yao dada alikuwa anatokwa jasho kwenye baridi ile. Wakamgeukia baba. Mtoto ni wake, aseme yeye.

Baba alisema, "Atoe wa kulia. Asije akaambiwa kesho kwamba hakupatana kwa kweli."

Nadhani kichwani mwake alikuwa anamlinda. Nimelifikiria neno hilo siku zote hizi na bado nadhani hivyo. Dada akafungua khanga, akauinua mkono kwa ule mwingine, akauweka mezani kama mtu anayeweka kitu cha mwenzake. Shemeji akaushika. Mzee mkubwa akaweka mkono wake juu na kufumba macho aombe.

Wazee wote walifumba macho. Mimi nilikuwa sijamaliza kuandika jina, kwa hiyo sikufumba. Nikamwona shemeji akiminya. Hakuminya kwa ghafla. Aliminya kidogo kidogo, akimtazama dada usoni, midomo yake ikifuata maneno ya sala. Nikasikia mfupa. Si sauti kubwa, ni kama kukanyaga kijiti kilicholowa. Dada hakulia. Macho yake yaligeuka meupe na mate yakamtoka pembeni mwa mdomo, lakini hakulia, kwa sababu baba alikuwa anasali pale pale.

Sikuamua. Watu wameniuliza niliwaza nini, na jibu ni kwamba sikuwaza. Nilisimama, nikaichoma kalamu katika mkono wa shemeji, pale kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa nguvu zangu zote. Ikaingia. Nikaisukuma zaidi. Alipouvuta mkono nibu ilikatika ndani, na wino na damu vikamwagika pamoja juu ya kitabu, juu ya majina yao mawili.

Alinipiga ngumi ya sikio. Niliangukia benchi, na benchi likaniangukia. Akaruka meza, akanikanyaga mbavu mara mbili kabla wazee hawajamshika. Mzee mkubwa alikuwa bado hajaelewa, alikuwa anauliza, "Wamepatana? Wamepatana?"

"Mtoto wako amenichoma, mzee. Mbele ya Mungu amenichoma," shemeji akamwambia baba. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na kusema kweli nilifurahi kuisikia.

Baba alinikamata kwa ukosi wa gauni, akanitoa nje hadi nyuma ya kanisa. Alikata fimbo ya mwati mbichi, akapukutisha majani kwa mkono mmoja bila kuniachia. Baba hakuwa amenipiga tangu nianze shule. Alinipiga mgongoni, miguuni, mikononi nilipojikinga. Kila fimbo ilikuja na neno. Nimekusomesha. Nimekuamini. Nimekuweka mezani pa wazee. Nyumba yangu. Jina langu. Sikuwa nahesabu. Nilikuwa nimeuma nyasi.

Dada akaja mbio, akajitupa juu yangu. Fimbo iliyokuwa inashuka ilimpata kwenye mkono ule ule. Hapo alitapika. Alitapika begani mwangu, kisha akalegea, na nikahisi uzito wake wote.

Baba alisimama na fimbo yake juu. Aliushusha mkono polepole. Aliitupa fimbo, akaenda akasimama akitugeuzia mgongo, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Nilitegemea angebadilika. Katika vitabu tunavyosoma shuleni angebadilika. Lakini jioni, tulipokwisha kula, yaani wao walipokwisha kula, alituita sebuleni. Shemeji alikuwa amekwenda kulala kwa mzee wa tatu, mkono umefungwa kitambaa.

"Kesho," baba akasema, "wewe mkubwa utamaliza kupatana na mumeo kabla ya ibada, na baada ya ibada mtaondoka. Na wewe utasimama mbele ya usharika, umwombe msamaha shemeji yako kwa sauti, wakusikie."

"Mkono wake umevunjika, baba," nikasema. Nilisema nikiitazama sakafu, lakini nilisema.

"Utapona kwake. Mwanamke hupona kwake." Akavua miwani akaifuta. "Mnadhani mimi sina moyo. Nilitoa neno langu kwa watu wale. Mtu akishatoa neno halirudishi kwa sababu linauma. Huo ndio uaminifu. Siku linapouma ndipo linapohesabiwa."

"Na yeye?" nikauliza. "Yeye alitoa neno gani?"

"Yeye ataulizwa na Mungu. Mimi nitaulizwa langu." Kisha akasema, bila ukali, "Usiposimama kesho, shule imekwisha. Sitamrudisha kwa walimu mtoto aliyemwaga damu kanisani na hakutubu."

Hapa lazima niseme kweli. Baada ya maneno hayo sikumfikiria dada. Nilifikiria shule. Nilifikiria kitanda changu, na kabati la vitabu lenye kioo, na kwamba kutoka kijiji chetu hakuna msichana mwingine. Nikajiambia kusimama ni dakika tatu, kusema ni maneno sita. Nikajiambia mkono ni wa dada. Nililala na dada kwenye mkeka mmoja, na usingizi ulinichukua nikiwa nayapanga yale maneno sita.

Saa kumi na moja alfajiri niliamka kwa sababu ya joto lake. Mkono ulikuwa unachoma kama jiwe la jikoni. Nikaugusa vidole, nikamwambia avikunje, havikukunjika. Maneno yangu sita nilikuwa bado nayakumbuka yote. Nikamvalisha gauni lake.

"Tunakwenda wapi?"

"Kitandililo. Kwa shangazi."

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Kwetu binti akiolewa shangazi ndiye anayemkabidhi kwa mume, na aliyemkabidhi anaweza kumchukua. Baba hajawahi kumshinda shangazi kwa neno. Tena anaunga mifupa, ya watu na ya mbuzi, na watu hutoka mpaka Makambako mjini kumtafuta. Hakuna aliyekuwa amemtaja tangu jana. Nadhani kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutomtaja, na yangu ilikuwa kabati la vitabu.

Mama alikuwa jikoni, ameshaamka. Alitutazama, akatazama mlango wa chumba cha baba. Akachomoa viazi viwili vya moto kwenye majivu akanipa.

"Msipite barabarani," akasema. "Barabarani mtaonekana. Piteni kwenye miwati mpaka daraja."

"Twende wote, mama," dada akamwambia.

"Nani atampa chai?" mama akasema, na akarudi kupuliza moto.

Tulitembea. Sakitu ilikuwa imeganda juu ya nyasi, tukiikanyaga inavunjika, na kila inapovunjika dada alikunja uso. Mbavu zangu zilinichoma nilipovuta pumzi. Kwenye daraja aliketi, akasema nimwache. Nikamwambia, kwa maneno mabaya ambayo sitayaandika, ainuke. Akainuka. Baadaye kengele ya kwanza ya kanisa letu ikalia mbali nyuma yetu, halafu ya pili, na nilijua sasa wananitafuta nisimame.

Tulifika saa nne na robo. Shangazi alikuwa anapepeta mahindi uani. Aliuona mkono kabla hajatuona sisi.

"Nani amewatuma?"

"Hatukutumwa," nikasema.

"Baba yenu anajua?"

"Sasa hivi anajua."

Hakuuliza zaidi. Alileta mianzi iliyopasuliwa, matambara, na mafuta ya kondoo. Alimlaza dada kwenye mkeka, akampa kipande cha ngozi aume. Akaniita nipige magoti upande wa kichwa.

"Shika hapa, juu ya kiwiko. Mimi nitavuta huku. Ukimwonea huruma ukaachia, mfupa utakaa upande maisha yake yote. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Akavuta. Dada akaitema ngozi, akapiga kelele. Ilikuwa kelele ya tangu Ijumaa, na watu waliokuwa wanapita njiani kwenda ibada walisimama wakatazama juu ya ua. Alinitukana kwa Kibena, akamtukana shangazi, akamtukana baba, akamtaja mumewe kwa jina lake. Aliniuma mkono wangu hadi damu ikatoka. Nilishika pale pale juu ya kiwiko, macho wazi, mpaka shangazi alipofunga tambara la mwisho na kuniambia basi.